Ushuhuda wa Mzee wa Makote

Ofisi ya Gazeti la Mkorosho,
Masasi.
Alhamisi, 11 Julai 2024

Kaka yangu Gervas,

Shikamoo.

Mdogo wako Oliva nakusalimu, kwanza kwa heshima yako, pili kwa titi moja tulilonyonya. Natumai baridi ya huko Chilangala haijakuingia mifupani, na kwamba mikorosho imeanza kuchanua kabla ukungu wa ubwiri haujaiwahi. Huku Masasi hatujambo. Nina goti la kushoto linalogoma kila likiona ngazi, lakini ulimi wangu, ule uliosema siku moja utanizika, bado mzima. Abdulrazaki wa mashine ya kurudufu anakusalimu sana. Anasema tangu uache kuja kuchukua magazeti mwenyewe hana mtu wa kubishana naye kuhusu mbaazi.

Najua unaisoma barua hii kwa hasira, kama umekubali kuifungua. Tangu Jumatatu nimekupigia simu mara tisa, na mara tisa umeikata. Una haki. Mtu anarudi kutoka shambani, unga wa salfa bado umemjaa kwenye nyusi, anakuta kitanda cha mwanawe kitupu na jirani hathubutu kumtazama usoni. Mtu huyo hawezi kupokea simu akaanza kuulizwa habari za mchana. Mwanao Wema amechukuliwa kwa amri yangu. Lukmani dereva alikuja na gari lake kwa sababu mimi nilimtuma, na jirani yako Mama Faridi alimbeba mpaka barabarani kwa sababu mimi nilimsihi. Nimesikia umemwita Mama Faridi mwizi wa watoto mbele ya wanawake wenzake. Mwache mama wa watu. Mwizi ni mimi, na nina wizi mwingine mkubwa kuliko huo, nitaufikia.

Sikufanya hivyo kwa kiburi. Jumapili mchana Wema alinipigia, sauti yake ikaja vipande vipande. Alisema anakohoa siku ya nne, akapumzika. Alisema kifua kinamchoma, akapumzika tena. Kisha akasema baba ameshatoa ule mfuko wa salfa stoo. Hakuniomba chochote, kaka. Alinieleza tu, kama mtu anayetaja kwamba kesho kuna mnada. Nilikata simu hiyo nikampigia Lukmani.

Sasa yuko Newala hospitalini, wodi ya wanawake, kitanda cha tatu kutoka mlangoni. Wamesema ni nimonia, imeshika mapafu yote mawili. Ana mrija wa hewa puani na anachomwa sindano mara tatu kwa siku. Daktari amesema asitoke kabla ya siku saba, na amelisema mara mbili akinitazama mimi, nadhani kwa kuwa ameona sura za ukoo wetu zilivyo ngumu.

Ujumbe wako nimeupata. Mama Faridi alinieleza neno kwa neno, maana mwanamke yule kichwa chake ni daftari. Umesema Jumamosi unakwenda kumtoa. Umesema hospitali haijawahi kumfaa mtu wa nyumba yako. Umesema safari hii hutadanganywa na machozi, utahesabu mpaka mia tatu hata akipiga kelele paa likang'oka, kwa sababu mara ya kwanza ulikuwa na moyo wa kuku na moyo huo ulimuua mama yake. Nilijaribu kukujibu kwa upole. Nilimtuma Mama Faridi akwambie kuwa wataalamu wamechunguza upya wakabadilisha mawazo kuhusu salfa. Ukacheka. Ukasema wataalamu hubadilika kila mwaka, lakini Mzee Mohamedi wa Makote alinyanyuka akala ugali. Ukamalizia kwamba maneno ya mdomo ni upepo. Kama Oliva anataka niache, na aandike, maana ni yeye aliyeandika nifanye.

Basi nimekaa kuandika. Kwa muda wa siku mbili nimechana karatasi kumi na moja.

Acha nianzie mbali kidogo, si kwa kukupotezea wakati, bali kwa sababu ukiijua njia yote ndipo utakapojua nilipotupa mzigo wa watu. Unakumbuka mwaka wa kwanza wa korona. Magazeti makubwa yalikuwa yakifika hapa yamechelewa siku mbili, yamejaa maneno ya watu wa Dar. Waliandika tunawe mikono kwa maji tiririka, dakika nzima, mara kumi kwa siku. Nikawauliza wale niliokuwa nao ofisini, maji tiririka ya nani? Kule Kitangari mwanamke anapanga ndoo foleni tangu alfajiri, na huko kwenu mkimaliza maji ya mvua kwenye visima vya uani mnaanza kuangaliana kwenye vikombe. Ndipo Mkorosho, gazeti la kurasa nne lenye wino unaochafua vidole, likaandika habari ya kopo. Chukua kopo la mafuta, litoboe tundu moja la msumari, litundike kwa kamba. Kikombe kimoja cha maji kitanawisha watu sita. Huna sabuni, majivu yapo.

Nawe ukalisoma. Kila Ijumaa ya pili ulisimama kwenye ngazi ya ghala la chama cha msingi ukasoma ukurasa kwa ukurasa, kwanza Kiswahili, kisha unarudia kwa Chimakonde kwa ajili ya bibi zetu, na pale ambapo mimi nilikuwa nimeandika kwa ukavu wewe uliongeza chumvi. Wakakuita Redio. Wiki iliyofuata nilipopanda huko nilikuta makopo yananing'inia kila uwanja. Wifi yangu Scholastika alikuwa ametundika matatu, moja kwa ajili ya kuku, akasema nao wasije wakatuletea. Tukacheka mpaka tukakaa chini.

Tuliandika pia kwamba msibani watu wasipeane mikono, waweke kiganja kifuani. Nao wakaweka, hata wale wazee ambao kuacha kushikana mikono kwao ni tusi. Tuliandika kwamba wazee wapakuliwe chakula chao peke yao. Tuliandika mdomo na pua vifunikwe, na wanawake wakakata kanga zao nzuri. Hakuna ofisi iliyowalazimisha. Walifanya kwa sababu limeandikwa kwenye Mkorosho na limesomwa na Gervas. Unaona jinsi watu walivyotuamini? Mimi niliiona imani hiyo nikavimba kichwa. Chini ya jina la gazeti niliandika kwa herufi nene, mficha maradhi kifo humuumbua. Maneno hayo yako pale mpaka leo, na kila toleo likitoka nayasoma mwenyewe.

Ukaja mwaka wa pili, Februari ile. Huhitaji kukumbushwa. Neno lenyewe lilikuwa halitamkwi. Mtu alikuwa anaugua kifua, anaugua kubanwa, anaugua uchovu. Watu waliokuwa wakileta matangazo ya vifo ofisini walikuwa wakiniambia niandike baada ya kuugua kwa muda mfupi, nami naandika. Wiki moja niliandika muda mfupi mara kumi na nne.

Wakati huo Selestina, yule muuguzi mnene uliyemwona kwenye harusi ya binamu yetu Isabela, aliniletea makala. Mistari minane tu, ameiandika kwa mkono nyuma ya fomu ya hospitali, na chini ameweka jina lake kamili bila woga. Naikumbuka yote. Alisema ugonjwa upo na usitafutiwe jina jingine. Alisema mgonjwa asifunikwe na asifukizwe kwa moshi wa aina yoyote, aachwe apate hewa. Alisema mtazame anapoongea: akiwa hawezi kumaliza sentensi moja bila kupumzika, au midomo yake imebadilika rangi, usingoje kuche, mpeleke hospitali palepale, kwa maana hewa ya mtungi ipo na inaokoa. Nikaipanga ukurasa wa tatu, juu kabisa.

Makala hiyo haikutoka. Hilo unalijua, na unaijua sababu, kwa kuwa nimewaeleza watu wengi. Nimesema kwamba mkubwa mmoja alinipigia simu siku ile saa tano asubuhi, akaniuliza kama nalipenda gazeti langu, nami nikalazimika kuitoa. Nimelisema hilo hapa Masasi, nimelisema Mtwara kwenye semina ya wanahabari wanawake, wakapiga makofi wakanipa cheti. Kimetundikwa hapa ukutani, kimeandikwa ujasiri.

Mahali pa makala ya Selestina pakatoka ule ushuhuda. Wewe unaujua kwa moyo kuliko mimi. Mzee Mohamedi wa Makote, mkulima wa korosho, alibanwa na kifua siku tano. Akakumbuka kuwa salfa inaua ubwiri wa mkorosho, akajiambia kifua nacho kimeota ubwiri. Akaweka vijiko viwili vya salfa juu ya kigae cha makaa, akakaa kwenye kigoda, mkewe akamfunika blanketi zito mpaka chini, wakahesabu mia tatu. Akamwambia mkewe, usinifunue hata nikilia, kwa maana anayelia si mimi, ni ugonjwa unaotoka. Akatema vitu vyeusi. Akanyanyuka akala ugali na kisamvu.

Ukausoma Ijumaa kwenye ngazi ya ghala. Jioni ya siku hiyo ukaenda nyumbani.

Yaliyofuata ulinisimulia mwenyewe turubai la msiba likiwa juu yetu, na nimeyabeba kama ulivyoyatoa. Wifi alikuwa na siku ya tatu anakohoa. Ulisema mchana wake aliomba maji, akasema nipe, akavuta pumzi, akasema maji, akavuta pumzi, akasema baba Wema. Ulinisimulia hilo kwa mshangao tu, hukujua lilikuwa linakwambia nini. Na ungejuaje? Aliyepaswa kukujulisha ni mimi. Ulimkalisha kwenye kigoda. Ulipima vijiko kwa kijiko cha chai, ukaona ni vidogo, ukaongeza cha tatu. Wema, ambaye alikuwa na miaka kumi na minne, ulimpa kazi ya kuhesabu kwa sauti. Scholastika alianza kupiga mateke mapema. Akalia jina lako, akalia jina la mama yake, akawa halii jina la mtu yeyote. Wewe ulikuwa umeshika pindo la blanketi kwa magoti na mikono. Wema alipofika mia moja na themanini ukashindwa, ukamfunua.

Alfajiri alikuwa amekufa.

Ulinishika mkono, kaka, ukaniambia, Oliva, gazeti lako lilijitahidi, ni mimi nisiyekuwa na roho ya kiume. Zilibaki mia moja na ishirini tu. Mia moja na ishirini tu, ulirudia. Nikakuambia usijilaumu, kazi ya Mungu haina makosa. Nikaenda kupanga foleni ya chakula. Nilikula, wali na maharage, nikaongezwa.

Sasa nakuja kwenye wizi wangu. Kaa chini, kama umesimama.

Hakuna mkubwa aliyenipigia simu. Hakuna mtu yeyote aliyenipigia. Siku ile simu yangu haikulia mpaka mchana, ilipolia alikuwa Abdulrazaki anauliza karatasi za toleo linalofuata. Nilikuwa nimesikia dukani kwamba gazeti moja mahali fulani limefungiwa. Nani, wapi, kwa nini, sikuuliza. Nikarudi ofisini nikaitazama ile mistari minane na jina la Selestina chini yake. Nikaitoa kwa mkono wangu huu. Nilijiogopesha kabla ya kuogopeshwa. Wengine walitishwa wakanyamaza, hao wana kisa cha kusimulia. Mimi kisa hicho nilikitunga, na cheti nilikipokea nikitabasamu.

Na hakuna Mzee Mohamedi wa Makote.

Hakuwahi kuzaliwa. Ukurasa wa tatu ulibaki na pengo la upana wa kiganja, mashine imewashwa, basi la Newala linaondoka saa sita, na Abdulrazaki amesimama mlangoni anapiga kidole kwenye saa. Pale kwenye kona, juu ya rundo la karatasi, palikuwa na mfuko wa salfa uliobaki msimu uliopita, tunautumia kuzuia karatasi zisipeperuke. Niliutazama mfuko ule nikaandika. Sikutumia hata robo saa. Makote niliichagua kwa sababu nilikuwa nimeshaitaja Kitangari toleo la nyuma. Blanketi nililiweka kwa kuwa ilikuwa baridi kidogo siku hiyo na mvua inanyesha. Mia tatu niliiweka kwa kuwa mia mbili ilionekana kidogo. Lile la usinifunue hata nikilia, kaka, nililiandika mwisho kabisa, na nilipoliandika nilicheka peke yangu kwa kulipenda. Niliona sasa mzee amekuwa mtu, anasikika anaongea. Hiyo ndiyo sentensi uliyoishikilia kwa magoti na mikono.

Sikujiuliza salfa ikiungua inakuwa nini ndani ya kifua cha mtu. Kila mkulima wa uwanda huu anajua asisimame upande upepo unakoelekea wakati wa kupuliza, na hiyo ni salfa baridi, nje, uwanjani. Mimi mtoto wa mkulima sikujiuliza. Baadaye nilimuuliza Selestina, nikijifanya ni swali la msomaji. Aliniambia moshi wake unaunguza mapafu kama tindikali, kwamba hata mtu mzima mwenye afya ukimfungia humo atatoka amekabwa, sembuse ambaye mapafu yake yalikuwa tayari yamejaa. Nikamuuliza tena, je, huyo mgonjwa kama angeletwa hospitali siku ya tatu, anapumzika katikati ya sentensi, angepona? Alisema wengi walioletwa katika hali hiyo walirudi nyumbani kwao wakitembea. Hakuuliza ni nani. Wewe ungeniuliza kama angepona, ndiyo maana nimekujibu.

Kwa hiyo sikia vizuri, maana hili ndilo ulilotaka liandikwe. Huruma yako haikumuua Scholastika. Kilichomuua ni ugonjwa wake, na moshi, na mikono yako iliyokuwa ikitii uongo wangu. Ulipomfunua, hilo ndilo lilikuwa tendo pekee la mtu mwenye akili katika mambo yote yaliyofanyika kati ya ofisi yangu na chumba chako. Kama ungemfunua mapema zaidi ingekuwa heri. Kama usingemfunika kabisa, ingekuwa heri zaidi ya yote. Nimetafuta namna ya kuliandika jambo hili bila neno mikono yako. Nimechana karatasi kumi na moja, nimekwambia. Haipo.

Utauliza kwa nini sikukanusha. Mistari mitatu ingetosha. Badala yake barua zilianza kuingia, watu wanashukuru, fulani amejifukiza amepona, yaani wale ambao wangepona hata wangejifukiza kwa mavi ya mbuzi. Waliokufa hawakuandika. Kisha mwalimu mmoja wa Makote kwenyewe akaandika kuuliza mzee huyu anakaa kitongoji gani, kwa sababu wamemtafuta hawamjui. Nikajibu amehamia kwa mwanawe Mtwara. Akaandika tena, anaomba namba ya mwanawe. Ndipo nikamuua. Nilimtolea tangazo la kifo ukurasa wa nne, miaka themanini na mbili, usingizini, kwa amani, ameacha mjane na wajukuu kumi na tisa. Nasikia ulipolisoma ghalani uliwasimamisha watu wote dakika moja. Wajane wa kweli walisimama, kaka, kumwombolezea mtu niliyemtunga ili nijaze pengo. Na mwaka huohuo kwenye makaburi ya Chilangala sikuweza hata kukaa mpaka msalaba wa wifi usimikwe. Nilidai nina gazeti la kutoa.

Kesho Mkorosho inatoka. Ukurasa wa kwanza wote ni habari hii, kwa jina langu, pamoja na mistari minane ya Selestina, miaka mitatu imechelewa. Furushi la Chilangala nimemwambia kondakta ampe Khalfan, katibu wa chama, asikupe wewe. Khalfan atasoma. Barua hii naituma kwa basi la leo ili ikuwahi; usiende ghalani kesho. Sikutaka ulipate jambo hili mdomoni mwako mwenyewe mbele ya watu.

Na baada ya hapo gazeti silijui. Selestina nilimwambia jana. Hakunitukana, aliondoka ameacha chai yake. Nawe ukitaka kunipeleka polisi, twende, nitakupokea stendi. Ukitaka kunikana kwenye ukoo, nikane. Msamaha siombi, nisije nikakupa na kazi hiyo juu ya nyingine.

Lakini barua hii sikuiandika ili nitue mzigo. Nimeweza kukaa nao miaka mitatu na ningekaa nao mpaka kaburini, ninajijua. Nimeiandika kwa ajili ya Wema, na kwa jambo alilonieleza juzi Jumanne ambalo wewe hulijui.

Nilikaa kando ya kitanda chake mchana, amepata nafuu kidogo, ameweza kunywa uji. Nikamwambia baba yako anasema atakuja kukutoa, lakini usihofu. Akasema hahofu, yuko tayari. Akasema safari hii atavumilia mpaka mia tatu kwa sababu anadaiwa. Nikamuuliza anadaiwa nini. Akageukia ukutani. Alisema siku ile alipokuwa anahesabu hakuweza kumsikiliza mama yake akilia, akaanza kuruka. Kutoka arobaini alikwenda sitini. Kutoka themanini alikwenda mia na kumi. Alifikiri wewe utagundua, hukugundua. Kwa hiyo ile mia moja na themanini unayoilia haikuwa hata hiyo. Mtoto huyu ameishi miaka mitatu akiamini kwamba alimpunja mama yake dawa, na kwamba ndiye aliyemuua, na kila ukisema mbele yake ningefika mia tatu, anajua wewe hukufika hata mia na arobaini, na kosa ni lake.

Hapo nilishindwa, nikamweleza yote kama nilivyokueleza wewe. Mzee wa Makote, simu, pengo la kiganja. Nilitegemea atanitemea mate. Alinisikiliza mpaka mwisho, mrija unapiga kelele puani. Kitu cha kwanza alichosema, kaka, hakikuwa kuhusu mimi. Alisema, baba asijue.

Nikamwambia ni lazima ajue, la sivyo Jumamosi atakutoa. Akasema basi anitoe. Alisema, akija nitaondoka naye, nitakaa kwenye kigoda, nitajifunika mwenyewe, shangazi, ila usimwambie alichomfanya mama. Akanishika kidole akaniapisha. Nikaapa.

Kiapo hicho ndicho nimekivunja kwa barua hii, kwa sababu mwanao alikuwa radhi kufa ili wewe usiisome. Jumamosi ukija Newala, njoo na kanga zake mbili, na uji wa mtama anaoupenda. Kaa naye. Atakuangalia usoni kwanza ili ajue kama unajua. Sijui utamfanyia uso gani, na sina haki ya kukufundisha.

Nisalimie Mama Faridi, umwombe radhi. Nisalimie Khalfan na wote wa ghalani. Mungu akulinde wewe na mtoto.

Ni mimi niliyekuwa mdogo wako,

Oliva